Ndege Usiyemjua: Umtafute Kitabuni, kwa Picha, kwa Sauti, au Umuulize Mtu?

Anayeanza kutazama ndege hukutana na jambo hili siku ya kwanza. Ndege anatua, anageuka mara mbili, anaruka, na kichwani kinabaki kitu kimoja tu: alikuwa mdogo, wa kahawia. Sasa, ndege wadogo wa kahawia ni wengi mno. Duniani kuna takriban spishi 11,000 za ndege, na ingawa mahali ulipo wapo sehemu ndogo tu ya hao, bado ni wengi kwa mtu ambaye hadi jana alijua kunguru, njiwa na mwewe basi.

Njia za kumpatia jina ndege huyo ziko nne: kitabu cha mwongozo, programu ya simu inayotambua picha, programu inayotambua sauti, na mtu anayejua kuliko wewe. Nimezitumia zote kwa miaka, nami nazipenda zote. Hata hivyo hazifanyi kazi moja, na anayeanza akizichanganya hupoteza muda mwingi. Msimamo wangu nautoa mapema: chagua kwa kuangalia ndege mwenyewe alikupa nini. Je, alikupa umbo, picha, sauti, au muda? Na pale unapoweza kuchagua kwa uhuru, chagua njia itakayokufanya umtazame kwa muda mrefu zaidi. Programu ya simu hukupa jina leo. Kitabu na daftari hukuwezesha kumtambua ndege yule yule mwakani bila kuuliza.

Yanayohitajika kwa njia yoyote ile

Hakuna njia inayoweza kufidia macho yaliyotazama kwa pupa. Kabla hujafungua kitabu wala simu, jiulize mambo manne: ana ukubwa na umbo gani, rangi zake zimepangikaje, anafanya nini, na yuko mahali pa namna gani.

Ukubwa usiupime kwa sentimita, kwa maana angani na mbali sentimita hudanganya. Mpime kwa ndege unaowajua: ni mdogo kuliko shorewanda, ni kati ya shorewanda na njiwa, au anakaribia kunguru? Kisha tazama mdomo. Mdomo mfupi na mnene kama koni ni wa mla mbegu; mwembamba kama sindano ni wa mla wadudu au mnyonya nekta; uliopinda mbele kama ndoana ni wa mla nyama; mrefu na mwembamba kwa kawaida ni wa ndege anayechokoa matope. Kwa mdomo pekee umekwisha kuondoa zaidi ya nusu ya ndege wa eneo lako.

Rangi, ambayo wengi huanza nayo, ningeiweka mwisho. Ndege aliye kati yako na jua huonekana mweusi hata akiwa wa kijani kibichi. Muhimu zaidi ni mpangilio: kuna mstari juu ya jicho? Kidari kina michirizi, madoa, au ni kitupu? Akiruka, ubawa una bendi nyeupe? Nyonga ina rangi tofauti na mgongo?

Tabia nayo husema mengi. Mbayuwayu na teleka huwachanganya karibu wote wanaoanza, maana wote hukata hewa wakifukuza wadudu. Lakini teleka ana mabawa kama mundu, magumu, na hatui kwenye waya hata siku moja, kwa sababu miguu yake midogo imeumbwa kung'ang'ania ukuta au mwamba. Ukiona safu ya ndege wa namna hiyo wametulia juu ya waya, hao ni mbayuwayu. Vivyo hivyo kwa ndege wakubwa wenye miguu mirefu: kulastara huruka akiwa amekunja shingo, korongo huruka akiwa ameinyoosha. Hapo hukuhitaji rangi yoyote.

Kitabu na programu ya picha, bega kwa bega

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kitabu cha mwongozo kama tunavyokijua kina deni kubwa kwa Roger Tory Peterson wa Marekani, ambaye mwaka 1934 alitoa mwongozo wenye michoro iliyorahisishwa, na vimistari vinavyoelekeza jicho kwenye alama zinazomtofautisha ndege mmoja na mwenzake. Kabla ya hapo, wengi waliomsoma ndege kwa undani walimsoma akiwa amekufa mkononi. Wazo la kumtambua akiwa hai, kwa mbali, kwa alama mbili tatu, ndilo linalotubeba hadi leo.

Ubora wa kitabu ni kwamba kinakuonyesha ndege mwingine anayefanana na uliyemwona. Ukifungua ukurasa wa kozi na vipanga, unawaona wote pamoja, dume, jike na kinda, waliotua na wanaoruka, na kando yao ramani za maeneo wanayopatikana. Jicho linaanza kulinganisha lenyewe. Programu hukupa jibu. Kitabu hukupa jibu pamoja na majibu uliyoyakataa, na hayo uliyoyakataa ndiyo yanayojenga ujuzi.

Udhaifu wake ni mzito kwa anayeanza. Vitabu vingi hupanga ndege kwa ukoo wao, hivyo asiyejua kwamba ndege wake ni wa jamii ya kwenzi hana mlango wa kuingilia. Atapekua kurasa mia tatu huku ndege amekwisha kwenda. Dawa yake ni moja, nami naisisitiza kwa kila ninayetoka naye: kitabu kisomwe nyumbani. Jioni, pekua kurasa bila kumtafuta yeyote. Zijue jamii tu: hawa ni vigogota, hawa ni chozi, hawa ni vitwitwi. Baada ya wiki chache utajikuta unafungua kitabu karibu na ukurasa unaotakiwa, na hapo kasi ya kitabu inabadilika kabisa.

Ukinunua, tafuta chenye michoro kuliko chenye picha za kamera. Picha huonyesha ndege mmoja, siku moja, chini ya mwanga mmoja. Mchoraji mzuri huonyesha ndege wa kawaida wa spishi hiyo, na huwaweka wote katika mkao unaofanana ili walinganishike. Tafuta pia kinachohusu eneo dogo. Kitabu cha bara zima kinavutia kwenye rafu, ila kitakujazia ndege wasiofika kamwe unapotazama.

Sasa programu ya picha. Inayojulikana zaidi ni Merlin Bird ID ya Maabara ya Ornitholojia (elimu ya ndege) ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyoanza mwaka 2014. Ni ya bure, na ukishapakua faili za eneo lako inafanya kazi bila intaneti. Unaipa picha, inauliza ilipigwa wapi na lini, kisha inatoa majina yanayoelekea. Maswali hayo mawili, wapi na lini, usiyapuuze. Nguvu kubwa ya programu iko humo, kwa sababu inawaondoa ndege wasiopatikana mahali hapo msimu huo. Ukiingiza picha ya zamani ya safari na kuacha mahali pabaki ulipo sasa, utapewa jina la ajabu, na kosa litakuwa la taarifa uliyoipa.

Ndani ya Merlin kuna njia nyingine ambayo wanaoanza huiruka: unajibu maswali machache kuhusu mahali, tarehe, ukubwa, rangi na alichokuwa akifanya ndege, nayo inakupa orodha fupi yenye picha. Huhitaji kuwa na picha yoyote. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya programu hiyo kwa mgeni, kwa sababu inamlazimisha kutazama kabla ya kupewa.

iNaturalist, programu nyingine iliyoanza mwaka 2008, ina utaratibu tofauti. Kompyuta hupendekeza, kisha watu wengine huthibitisha au kusahihisha. Jibu huenda lisije papo hapo, lakini jina linakuwa limepita mbele ya macho ya binadamu.

Programu ya picha inashinda wapi? Ndege anapokuwa wazi, ubavu kwako, mwanga nyuma yako. Hapo itakupa jina kwa sekunde, na mara nyingi litakuwa sahihi. Inashindwa wapi? Ndege aliye dhidi ya anga jeupe, aliyefichwa nusu na majani, aliye mbali hadi akawa doa, na hasa ndege mchanga. Tatizo ni kwamba hata hapo itakupa jina, nalo litaandikwa kwa herufi nzuri zile zile.

Mimi nilijifunza hilo kwa kulastara wa usiku. Nilikuta ndege wa kahawia kando ya maji, mwenye madoa meupe mabawani, amejikunyata. Nikapiga picha moja mbovu, programu ikanipa jina la kulastara wa spishi nyingine kabisa, nikaliandika na kuondoka nikiwa na furaha. Baada ya siku mbili nilifungua kitabu kwa sababu nyingine, nikamwona ndege wangu amechorwa pembeni mwa ndege tofauti naye kabisa: mtu mzima mwenye utosi na mgongo mweusi, mabawa ya kijivu, tumbo jeupe na macho mekundu. Alikuwa kinda wake. Makinda wa spishi hiyo huchukua takriban miaka mitatu kufikia manyoya kamili ya ukubwani, na shakwe wakubwa huweza kufika minne. Kitabu kiliniweka sawa kwa sababu kiliwachora wote wawili upande kwa upande. Tangu siku ile, jina la programu naliandika kwa penseli.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili? Ukiwa na moja tu, na huna subira ya kusoma jioni, chukua programu. Utapata furaha mapema na hutakata tamaa. Ukiwa na nia ya kuendelea, chukua vyote, ila fuata mpangilio huu: tazama, andika, kisia jina mwenyewe, ndipo uulize simu, halafu hakikisha kitabuni. Kule kukisia, hata ukikosea, ndiko kunakobandika ndege kichwani.

Sauti: jina bila ndege

Msituni, vichakani, alfajiri na usiku, picha na kitabu hushindwa pamoja, maana hakuna cha kuona. Hapo sauti haina mshindani. Merlin iliongezewa utambuzi wa sauti mwaka 2021. Nyingine ni BirdNET, iliyotengenezwa na Cornell pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani. Zote hugeuza sauti kuwa spektrogramu, yaani mchoro unaoonyesha mlio ukipanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, kisha hulinganisha mchoro huo na michoro ambayo zilifundishwa.

Mara ya kwanza mtu anaposimama chini ya miti na kuona majina matano yakiwaka kwenye skrini, kila moja kwa zamu yake ndege huyo anapolia, husisimka, na ana haki. Zaidi ya hapo, programu hii huwasaidia sana wazee na wengine ambao masikio yao yameanza kupoteza sauti nyembamba za juu. Simu husikia yale ambayo sikio haliyapati tena.

Lakini kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayoweza kukupotosha bila wewe kujua, kwa sababu hakuna picha ya kurudia. Upepo, maji yanayotiririka na magari huvuruga rekodi. Wapo pia ndege waigaji: kwenzi wa spishi mbalimbali huiga milio ya wengine, na drongo mkia-panda huiga hata kelele za hatari za ndege na wanyama wengine ili wakimbie waache chakula. Programu ikisikia mwigaji, humwandika aliyeigwa. Isitoshe, uwezo wake haulingani kila mahali. Pale ambapo rekodi za kuifundishia ni nyingi inajua spishi nyingi na vizuri. Pale zilipo chache, ndege asiyemo kwenye orodha yake hupewa jina la jirani yake au hunyamaziwa.

Kwa hiyo jina la sauti lichukue kama mtu anayekunyoshea kidole: "Kuna ndege wa namna hii upande ule." Nenda umtafute kwa macho. Usipomwona, msikilize mara kadhaa hadi mlio wake uutambue mwenyewe, kisha nyumbani ulinganishe na rekodi za xeno-canto, hazina ya sauti za ndege iliyo wazi kwa wote tangu mwaka 2005. Humo utasikia mlio mmoja ukitolewa na ndege wengi tofauti, na utaelewa jinsi unavyobadilika.

Neno moja kuhusu kumchezea ndege sauti yake kutoka kwenye simu ili ajitokeze. Hufanya kazi, na ndiyo sababu inanihuzunisha. Dume anayesikia mlio wa spishi yake anaamini mpinzani ameingia katika eneo lake. Anaacha kula, anaacha kiota, anatumia nguvu kumtafuta adui asiyekuwapo. Wakati wa kuzaliana, usifanye kabisa. Ndege adimu, usimfanyie msimu wowote.

Kumuuliza mtu

Mtu mzoefu hushinda njia nyingine zote tatu kwa jambo moja: hukupa sababu. Atakuambia, "Si kipanga yule, tazama anavyotikisa mkia akitua," na sentensi hiyo itakaa nawe maisha yako yote. Asubuhi moja na mtu kama huyo inazidi miezi miwili ya kupekua peke yako. Kama eneo lako lina kikundi cha watazama ndege, nenda hata kama hujui lolote. Sijaona kundi linalomfukuza anayeuliza.

Mipaka yake ni dhahiri. Hayupo kila siku, na ukimzoea sana utaacha kutazama, utakuwa unasubiri aseme. Naye hukosea, na anayekosea kwa sauti ya uhakika huaminiwa na kundi zima. Muulize daima, "Umemjuaje?" Mjuzi wa kweli hulipenda swali hilo.

Ukiuliza kwa mbali, kwa kutuma picha, tuma zaidi ya moja hata kama nyingine ni mbovu, taja mahali na tarehe, eleza ukubwa kwa kumlinganisha na ndege anayejulikana, na sema alikuwa akifanya nini. Picha moja ya mgongo bila maelezo huwachosha wanaotaka kukusaidia. Kiota, usitaje kilipo hadharani. eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za watazama ndege iliyoanza mwaka 2002, inachanganya mtu na mashine: unaweka orodha yako ya ndege uliowaona, mfumo unashtuka ukiandika ndege asiyetarajiwa mahali hapo, na mhakiki wa kujitolea anaweza kukuandikia kuomba maelezo. Ukipata ujumbe kama huo usiudhike. Ni somo la bure kutoka kwa mtu anayewajua ndege wa eneo hilo.

Darubini kwanza au kamera kwanza?

Darubini. Kamera hukupa ushahidi, lakini anayeanza nayo hutazama skrini, na ndege anapoondoka hakumbuki hata alikuwa akitembea au akirukaruka. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Za 10x huvutia kwa kuleta ndege karibu zaidi, ila hukuza pia mtetemeko wa mikono, na kwa kawaida eneo unaloliona huwa jembamba, hivyo kumpata ndege kwenye majani huwa kazi. Ukiwa na kamera na unataka jina hapo hapo, piga kwa simu picha ya skrini ya kamera yako kisha ipe programu; mara nyingi inatosha.

Ndege mbele yako, uchague nini?

Ametulia juani kwa dakika tano: simu ibaki mfukoni. Darubini, daftari, chora hata kama hujui kuchora, weka mishale kwenye alama ulizoziona, kisha kitabu. Nafasi ya namna hiyo haiji kila siku na ni hasara kuitumia kwenye skrini.

Anapita, una sekunde tatu: piga picha kama kamera iko tayari, la sivyo kamata umbo na namna ya kuruka, halafu nenda kwenye maswali ya Merlin. Anaimba na haonekani: rekodi sauti, pata jina la kuanzia, mtafute. Ni wa kahawia, mchanga, au yuko katikati ya kubadili manyoya: usiamini programu yoyote peke yake; tumia kitabu chenye michoro ya makinda, na mtu wa kumuuliza. Kundi la vitwitwi kwenye matope, wote wanafanana: nenda na mtu, na umchague mmoja tu umtazame nusu saa nzima, wengine waache.

Na wapo watakaobaki bila jina. Kipanga wa mbali, juu kabisa, dhidi ya mwanga, ambaye kila njia imekupa jibu tofauti. eBird yenyewe ina nafasi ya kuandika jamii bila spishi, na wazoefu huitumia kila wiki. Andika "kipanga, spishi haijulikani", tarehe, saa, mkia mrefu wenye bendi, mabawa mafupi, kisha geuza ukurasa.